Ulitozwa Kimakosa Maji au Umeme? Fedha Iko Wapi, na Inarudi Vipi

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza, fedha huingia Mtwara na Lindi kwa mkupuo. Deni la maji la miezi minne linalipwa siku moja, pamoja na ada za shule na bati za nyumba. Hapo ndipo mtu anapokaa na bili zake na kugundua kuwa mwezi wa Julai aliandikiwa maji ya kuoshea magari ya mtaa mzima, na yeye hana hata baiskeli. Kashalipa. Afanyeje?

Mtaani majibu ni mawili. La kwanza: "Serikali ikishapokea haitoi, samehe." La pili linatoka kwa wenye hasira: "Nenda ofisini, wakuhesabie noti zako mezani." Wote wawili wanakosea, ingawa wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Fedha iliyotozwa kimakosa inarudi. Ila haitoki katika dirisha moja, na mara nyingi hairudi kama noti. Mtu hupoteza haki yake kwa sababu anadai kwa asiyeishika fedha, au anadai kitu ambacho si kosa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Bili, au ankara, ni hesabu ya huduma uliyotumia. Dira ni mita ya maji, na uniti moja ya maji ni lita 1,000. Kuna kurekebisha, yaani kufuta tarakimu mbovu kabla hujalipa. Kuna kurejesha, yaani ulishalipa na sasa kilichozidi kinarudi kwako. Halafu kuna kusamehe: deni ni la kweli, ila mtoa huduma kaamua kukupunguzia. Bomba lako likipasuka uani usiku ukiwa umelala, maji yale yamepita kwenye dira na ni yako. Unaweza kuomba upunguziwe, na ofisi yenye huruma inaweza kukubali, lakini hapo unaomba, hudai. Ukiingia ofisini na kelele za kudai kwa jambo la kuomba, unajifungia mlango mwenyewe.

Kwa Manispaa ya Mtwara mtoa huduma ya maji ni MTUWASA, kwa Lindi mjini ni LUWASA, na kwa Masasi na Nachingwea ni MANAWASA. Umeme ni TANESCO kote. Msimamizi wa hao wote ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Vijijini ni habari nyingine, nitaigusa mwishoni.

Tarakimu moja iliyokosewa

Kosa linalowaumiza watu wengi kwenye maji ni la usomaji. Tuchukue nyumba ya mfano pale Chikongola. Mwezi uliopita dira ilisoma 412. Mwezi huu inasoma 431, kwa hiyo wametumia uniti 19. Msoma dira, kwa jua au kwa haraka, anaandika 481. Bili inatoka na uniti 69. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu tu, uniti moja ni shilingi 1,500. Badala ya shilingi 28,500 unaletewa 103,500. Zilizozidi ni 75,000.

Ukienda kulalamika utajibiwa hivi, tena kwa heshima zote: "Mzee, usiwe na wasiwasi, itajirekebisha yenyewe miezi ijayo." Wengi hutoka pale wakisonya, wakidhani wamefukuzwa kiujanja. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mwezi unaofuata dira itasoma 450, chini ya ile 481 uliyokwisha kutozwa, kwa hiyo hakuna cha kukutoza. Mwezi wa pili inasoma 469, bado. Mwezi wa tatu inafika 488, unatozwa uniti saba. Jumlisha: 69, sifuri, sifuri, saba. Ni uniti 76, sawasawa na 19 mara nne. Dira haina chuki na mtu, inahesabu kwenda mbele tu.

Lakini jibu hilo linakosa mambo matatu. Kwanza, katikati ya hapo umeikopesha mamlaka shilingi 75,000 bila kuombwa mkopo. Pili, pale ambapo bei hupanda kadiri matumizi ya mwezi yanavyoongezeka, uniti 69 zilizorundikwa mwezi mmoja zimeangukia kwenye bei ya juu, na sifuri za miezi ijayo hazirudishi ile tofauti. Hapo haijirekebishi hata kidogo, mpaka bili ya mwezi ule ifunguliwe upya.

Jambo la tatu ndilo ambalo sijasikia likizungumzwa barazani, na ndilo linalomeza fedha kimyakimya: kubadilishiwa dira. Tuseme kabla kosa halijajifuta, mafundi wanakuja kuondoa dira ya zamani, labda kwa sababu imechakaa, labda ni zamu ya mtaa wenu kufungiwa dira za malipo ya kabla. Siku hiyo dira ya zamani inasoma 455. Mpya inaanza na sifuri. Ulishatozwa hadi 481. Uniti 26, yaani shilingi 39,000 kwa bei yetu ya mfano, zimeondoka na ile dira ndani ya begi la fundi, na hakuna usomaji wowote wa baadaye utakaozifichua. Kwa hiyo piga picha uso wa dira ya zamani kabla haijafunguliwa, tarakimu zote na namba ya dira vionekane, na omba usomaji wa mwisho uandikwe kwenye fomu unayosaini. Nikiambiwa nichague ushauri mmoja tu wa kubaki nao katika makala haya yote, ningechagua huo.

Kuna pia bili ya makadirio. Geti limefungwa, mbwa anabweka, dira imezikwa na mchanga, msoma dira anaweka wastani wa miezi iliyopita. Ni kama karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kukadiria gunia la korosho kwa macho badala ya kulipandisha kwenye mizani: siku mizani ikitumika, ukweli unajulikana, na ukweli huo unaweza kuwa juu ya makadirio. Kwa hiyo ukiona bili kubwa ghafla baada ya miezi ya bili ndogo zinazofanana, usikimbilie kusema umebambikiwa. Huenda ulikuwa ukitozwa pungufu na sasa dira imesomwa kweli. Omba orodha ya usomaji wa miezi 12 iliyopita. Tarakimu zinazopanda kwa hatua sawasawa kila mwezi, mfano 15, 15, 15, ni dalili ya makadirio, maana hakuna familia inayotumia maji kwa kipimo cha sindano.

Na kama tarakimu ya kwenye bili ndiyo iliyopo kwenye dira? Funga mabomba yote ya ndani, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka, maji yanavuja baada ya dira, na hilo ni lako. Kikitulia na bado bili haikuingii akilini, shaka ibaki kwa dira yenyewe. Mitaa yenye mgao inajua mlio wa hewa inayotangulia maji yakirudi, na ni kweli kwamba hewa inaweza kuzungusha dira za pangaboi. Ni kiasi gani kwa nyumba yako, maneno hayatamaliza ubishi. Kitakachoumaliza ni kupima dira. Wakala wa Vipimo, walewale wanaokagua mizani za korosho, wana jukumu la kuhakiki dira za maji pia, na kituo chao cha kuzipimia kiko Misugusugu, Kibaha. Omba upimaji kwa maandishi kupitia mamlaka yako. Matokeo yakionyesha dira inazidisha, hapo una msingi wa kudai marejesho ambao hakuna atakayeubishia.

Umeme: hesabu iko kwenye risiti

LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, imeondoa ugomvi wa usomaji kwa kuwa unalipa kabla. Ila imeleta ugomvi wa makato. "Jana nilinunua elfu kumi nikapata 28, leo nimepata 23, wameniibia." Tukokotoe.

Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT, tuihesabu kwa asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla 22. Kwa hiyo katika shilingi 10,000, umeme wenyewe ni kama 8,197, ukigawanya kwa 292 unapata uniti 28 na kidogo. Sasa ikiwa huo ndio ununuzi wako wa kwanza wa mwezi, inatangulia kutolewa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Zinabaki 8,500, na uniti zinashuka hadi 23.9 hivi. Hakuna aliyeiba. Na kama nyumba ilifungwa miezi mitatu wewe ukiwa shamba, ukirudi kodi ya miezi yote hiyo inakatwa kwa pamoja, na utaona uniti chache za kutisha.

Nyumba yenye matumizi madogo ya nyumbani huwa kundi la D1, ambako uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Elfu kumi ileile, hata baada ya kodi ya jengo, ingekupa karibu uniti 70. Unaona mwenyewe pengo. Kama bibi anaishi peke yake Mikindani na taa tatu na redio, halafu mita yake iko T1, hiyo inastahili kuulizwa. Lakini hapa mtego upo: kundi hupangwa kwa mwenendo wa matumizi, na mita iliyowahi kuzidi uniti 75 kwa mwezi inaweza kuhamishwa. Kurudishwa D1 ni rahisi kuliko kurudishiwa tofauti ya nyuma. Ukitaka ya nyuma, onyesha manunuzi ya kila mwezi kwamba hukuwahi kuvuka.

Kodi ya jengo ndipo penye makosa halisi, na ndipo watu hupigwa danadana zaidi. Ilihamia kwenye LUKU Agosti 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ikawa 1,500 na 7,500. Kodi hii inatozwa jengo, haitozwi mita. Nyumba moja ya vyumba sita yenye mita mbili, moja ya mwenye nyumba na moja ya wapangaji, inatakiwa ikatwe mara moja tu. Kama mita zote mbili zimekuwa zikikatwa tangu mwanzo, hesabu ya ile ya ziada ni hii: Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, shilingi 23,000. Julai 2023 hadi Juni 2025 ni miezi 24 kwa 1,500, shilingi 36,000. Jumla 59,000 kwa miaka hiyo pekee. Si fedha ya kujengea, lakini ni yako.

Ukienda kuidai, swali la kwanza si "nani kanikata" bali "fedha iko kwa nani". TANESCO ni mkusanyaji tu. Wanaweza kurekebisha usajili wa mita ya pili isiendelee kukatwa, na hiyo iombe leo. Kilichokwisha kukatwa kimekwenda kama kodi, na mlango wake ni TRA. Ndiyo maana mtu anarushwa: anamdai karani wa umeme kodi, karani anamjibu kwa usahihi kwamba hana, naye anaondoka akidhani amedanganywa. Vivyo hivyo kwa mzee mwenye miaka 60 na zaidi au mtu mwenye ulemavu anayeishi kwenye nyumba yake: sheria inampa msamaha kwa nyumba moja ya kuishi, lakini mita haijui umri wa mtu. Anatakiwa kujitokeza na vielelezo. Mpangaji naye asijidanganye, kodi ni ya mwenye nyumba. Kama unakatwa wewe kwenye LUKU, unayemdai ni baba mwenye nyumba, kwenye pango.

Kosa la kununua umeme kwa namba ya mita isiyo yako nalo ni la kila siku. Mtoto yuko Dar, anamtumia mama yake Nachingwea umeme, anakosea tarakimu moja. Tokeni zile tarakimu 20 zimetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, kwako hazitaingia hata ukibonyeza mpaka usiku. Muda ndio kila kitu hapo. Toa taarifa kabla yule mwenye mita hajaziingiza, wakati bado kuna kitu cha kusimamisha. Akishawasha taa zake, kampuni imeshatoa umeme iliolipwa, na ugomvi unabaki baina yako na yeye.

Tozo ya huduma usiyoipata

Hili ni fupi. Tozo ya majitaka, pale inapokuwapo, kwa kawaida hukokotolewa kutokana na maji uliyotumia, na inamhusu aliyeunganishwa na mtandao wa majitaka. Nyumba nyingi za kwetu zina shimo au karo linalonyonywa na gari. Ukikuta mstari wa majitaka kwenye bili yako na nyumba haijaunganishwa, huo ndio mwepesi kuliko wote kudai, kwa sababu hakuna ubishi wa kiasi: waje watazame bomba. Halipo? Basi tozo yote, tangu mwezi wa kwanza, ni ya kurejeshwa.

Kudai kwenyewe

Msingi wa kisheria ni mfupi na wa zamani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema aliyepokea fedha iliyolipwa kwa makosa au kwa kushurutishwa lazima airudishe. Haiulizi kama aliyelipa alikuwa mzembe. Kwa hiyo lile neno "mbona ulilipa bila kuangalia?" ni lawama, si utetezi.

Anza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa barua. Najua, watu wanapenda kupiga simu, na simu inafaa kwa umeme uliokatika. Kwa fedha, andika: namba ya akaunti au ya mita, mwezi wenye kosa, tarakimu iliyoandikwa na iliyo sahihi, kiasi unachodai, na namna unavyotaka kirudi. Ambatanisha picha na risiti. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri ule, mwezi ujao utakuwa unasimulia hadithi. Wakati unasubiri usigome kulipa kila kitu. Lipa sehemu usiyoibishia, mfano ile 28,500 ya nyumba yetu, na uiseme kwenye barua, ili kesi yako isigeuzwe kuwa ya mdaiwa sugu.

Usiporidhika na jibu, au likikawia, malalamiko yanapanda EWURA ukiwa na ile nakala yenye muhuri, kwa sababu watauliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma. EWURA CCC, baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, lipo kwa ajili ya kukuelekeza na kukusemea hasa kama barua si fani yako. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA, awe mteja au kampuni, anakwenda Baraza la Ushindani. Kwa shilingi 75,000 wachache watafika huko, lakini kule kujua kwamba unaijua njia mara nyingi hubadilisha sauti ya mezani.

Kwa vijiji vya Tandahimba, Ruangwa au Liwale ambako maji yanaendeshwa na chombo cha watumiaji maji ngazi ya jamii, njia ni nyingine. Anza na kamati ya chombo hicho, kisha ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambayo ndiyo msimamizi wao kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Ukikimbilia EWURA utapoteza nauli.

Na noti mezani? Malipo yako yaliingia kwa namba ya kumbukumbu, moja kwa moja benki. Karani hana droo yenye fedha zako, na kuitoa taslimu kunahitaji idhini na hati za malipo. Ndiyo maana njia ya kawaida ni salio: bili inayofuata inasomeka na alama ya kutoa, na unatumia maji mpaka liishe. Kwa mtu anayeendelea kuishi pale, mimi naona salio ni sawa, mradi liandikwe kwenye akaunti na si kwenye ahadi. Taslimu idai pale ambapo salio halikufai: unahama, unafunga akaunti, au ulilipia kuunganishwa na kazi haikufanyika.

Kumbuka pia kwamba salio hukaa kwenye akaunti, na akaunti hukaa na nyumba. Ukiuza nyumba yako ya Shangani ukiwa na salio la 75,000, mnunuzi ndiye atakayeoga kwa fedha yako, isipokuwa mmeiandika kwenye mkataba wa mauziano au umeiomba kabla jina halijabadilishwa. Nyumba ya wapangaji ni hivyohivyo: kama wapangaji watatu walichangia ile bili mbovu ya Julai, salio litaingia kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji aliyekwisha kuhama Agosti hana cha kuidai mamlaka. Anamdai mwenye nyumba sehemu yake, kwa karatasi ya mchango aliyosaini, kama aliitunza.